Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Presha ipimwe na kutibiwa zahanati

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuomba jambo moja. Kila mtu mzima anayeingia zahanati yoyote nchini, hata kama amefuata dawa ya kikohozi au amempeleka mtoto chanjo, apimwe presha kabla hajaondoka. Akithibitika kuwa nayo, atibiwe hapohapo, na dawa aendelee kuzichukua hapohapo.

Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa takriban Mtanzania mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo la juu la damu. Wengi hawakujua, kwa sababu presha haiumi. Mtu analima, anauza genge, anaendesha bodaboda. Siku moja mdomo unapinda na mkono unakataa kunyanyuka. Familia inaanza kuulizana nani kamroga, kumbe mishipa, figo na moyo vilikuwa vikiumia kwa miaka.

Kupima si kazi ngumu, ila kuna taratibu zake. Mgonjwa akae dakika tano ameegemea kiti, miguu imekanyaga chini, mkono umeegeshwa usawa wa moyo. Asiwe amebanwa na mkojo wala ametoka kunywa kahawa. Mkanda ulingane na mkono, maana ukiwa mdogo kwenye mkono mnene, kipimo husoma juu kuliko hali halisi. Apimwe zaidi ya mara moja, kisha arudi siku nyingine. Akikutwa tena na 140/90 au zaidi, hapo ndipo aambiwe ana presha. Asiyepaswa kusubirishwa ni yule mwenye namba za juu sana au dalili za moyo na kiharusi.

Muuguzi na tabibu wa zahanati wanaiweza kazi hii. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unakubali wahudumu wasio madaktari watoe tiba ya presha, mradi wamefunzwa, wanafuata utaratibu ulioandikwa na wanasimamiwa na daktari. Dawa kama amlodipini na losatani ni za siku nyingi, na watengenezaji wake ni wengi.

Kinachowashinda wagonjwa wengi ni safari. Mama wa kijijini anayefuata vidonge hospitali ya wilaya kila mwezi hufika mahali nauli inapozidi bei ya dawa. Anaanza kumeza siku anayosikia kizunguzungu tu. Jirani naye anaonya kwamba dawa za presha ukianza huachi, na mwingine anakataa hata kuanza. Ni kweli kwamba wengi watazimeza maisha yao yote. Hatari iko katika kuziacha, na mtu huziacha kirahisi pale zinapopatikana mbali.

Nchi hii tayari inajua njia. Watu wanaoishi na VVU ambao hali zao zimetulia hupewa ARV za miezi kadhaa kwa mkupuo, wakabaki na muda wa kulima na kulea. Mwenye presha naye aonwe kila mwezi hadi ishuke chini ya 140/90, kisha kila baada ya miezi mitatu hadi sita, akiondoka na dawa za kumfikisha tarehe hiyo. Katika kila ziara akumbushwe chumvi: kwa siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwishatiwa jikoni.

Kwa hiyo naomba kila zahanati iwe na mashine iliyohakikiwa na mikanda ya saizi tofauti. Bohari ya Dawa isiruhusu dawa za presha ziishe, kama isivyotarajiwa dawa za malaria ziishe. Na Bima ya Afya kwa Wote, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2023, izilipie dawa hizi kuanzia ngazi ya zahanati.

Mwisho, Mheshimiwa, katika hotuba yako ijayo ya bajeti bungeni, tutajie kwa kila wilaya namba tatu: waliopimwa, walioanza dawa, na ambao presha yao imeshuka na kubaki chini. Namba ya tatu ndiyo tutakayoitumia kuipima wizara yako.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi