Nauli Nafuu, Daraja Limefungwa

Anayepanga safari ya Ulaya hupewa ushauri uleule na kila mtu: epuka Julai na Agosti, nenda watalii wakishaondoka. Nauli itashuka, hoteli zitakuwa na nafasi, na makasri utayafaidi bila kusukumana. Kwa nauli na hoteli, sina ubishi. Kwa makasri na matembezi ya milimani, ushauri huu umewaponza wengi, kwa sababu unaifanya miezi yote iliyobaki kuwa kitu kimoja.

Tuchukue Neuschwanstein, kasri la Mfalme Ludwig wa Pili kusini mwa Bavaria, Ujerumani. Ujenzi ulianza 1869. Mfalme alifariki Juni 1886, na wiki saba tu baadaye watu walikuwa wakilipa kiingilio. Humo ndani hakuna kuzurura utakavyo: unaingia na kundi lako kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, na baada ya kama nusu saa uko nje. Iwe Agosti, iwe Februari, ni nusu saa ileile. Kinachobadilika ni huko nje, na uhondo wenyewe uko huko.

Ile picha maarufu ya kasri, na tambarare ikionekana nyuma yake, hupigwa kutoka Marienbrücke, daraja jembamba lililo mita 90 hivi juu ya korongo la mto Pöllat. Mbao zake zikishika theluji na barafu, daraja hufungwa. Basi la kupandisha wageni nalo husimama, kwa hiyo unapanda kwa miguu kama dakika arobaini, njia ikiteleza. Mwenye tiketi ya saa 5:20 asubuhi akifika saa 5:30, kundi limeshaingia na tiketi yake haina kazi tena. Isitoshe, Desemba jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi jioni, ilhali Juni bado linaonekana saa tatu usiku. Utatembea wapi, na saa ngapi?

Kwingine hali ni mbaya zaidi. Ngome ya Eltz, karibu na mto Mosel, hufunga milango yake kuanzia mwanzoni mwa Novemba hadi mwisho wa Machi. Njia ya msituni kutoka Moselkern unaweza kuifuata, lakini utaishia kutazama kuta. Nyumba ya Ludwig kule Schachen, iliyo zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hufikiwa kwa saa kadhaa za kupanda na hufunguliwa kiangazi tu. Novemba, magari mengi ya nyaya ya Alpi husimamishwa kwa ukaguzi. Na ukidhani Krismasi ni wakati wa utulivu kwa kuwa kuna baridi, kumbuka shule zimefungwa na Wajerumani wenyewe wamejaa huko.

Sisemi basi turudi Agosti. Kipindi ninachokitetea ni kifupi: baada ya tamasha la Oktoberfest, linalopandisha bei za hoteli za Munich na kwisha mwanzoni mwa Oktoba, hadi katikati ya mwezi huo. Shule za Bavaria zimeshafunguliwa, miti imegeuka rangi ya dhahabu, Neuschwanstein bado hufuata saa ndefu za kiangazi, na Eltz iko wazi. Jumanne au Jumatano ni bora kuliko Jumamosi.

Ikibidi uende Januari, nenda, ila acha ndoto za vilele. Zunguka ziwa Alpsee lililo chini ya kasri kama njia haina barafu, vaa viatu vyenye meno, na chukua tiketi ya mchana uwe na muda wa kupanda polepole. Kwa vyovyote vile, anza kwa kuuliza njia gani iko wazi mwezi huo, kisha kasri gani. Nauli iulize mwisho.