Mwalimu, Soma Kwanza Ndipo Unyang'anye

JICHO LA KATAVI
Na Mwana wa Katuma

Hasira ya wiki hii naiandika ikiwa bado ya moto, maana nikiiacha ipoe nitaanza kuwatafutia watu visingizio.

Jumanne jioni nilipita sokoni hapa Mpanda kununua karanga. Mama ninayenunua kwake siku zote akanipimia kwa kikombe, akachomoa karatasi kwenye rundo lililokuwa kando ya beseni lake, akaisokota na kunimiminia. Karanga zilipokaribia kwisha nikaona uso wa mtu unanitazama kutoka ndani ya ile karatasi.

Nikaikunjua. Ulikuwa ukurasa wa kaunta buku, umegawanywa kwa rula vyumba sita. Katika chumba cha kwanza mtumbwi unakaribia ufuko, na mawimbi yamepigwa kwa bairo ya bluu, yakarudiwa na kurudiwa mpaka karatasi imebonyea. Katika cha pili mwanamke amelala kwenye mkeka. Zinaonekana nyayo zake tu, na mtoto amechuchumaa kando ameshika kibuyu kwa mikono yote miwili. Cha tatu ndicho kilichonisimamisha. Mwanamume mwenye ndevu na kanzu ndefu, mkoba mkononi, anaingia katika nyumba ya mwanamke huyo huku ameinama, kwa sababu mlango ni mfupi kuliko yeye. Mchoraji wa kubahatisha angemsimamisha wima kama nguzo ya umeme. Huyu alijua nyumba zile zilivyokuwa, akajua mtu mrefu anaziingiaje. Kwenye kiputo cha maneno: "Mama, usiogope. Dawa ipo." Pembeni jina: Daktari Atimani. Chini, kona ya kulia: "Inaendelea."

Inaendelea wapi? Nilirudi kwa yule mama karibu nikimbie. "Baba, hizo nauziwa kwa kilo," akaniambia. "Kuna mlinzi wa shule hutuletea madaftari yasiyotakiwa." Rundo lilikuwa limeshaliwa zaidi ya nusu. Nililipia karatasi zote zilizobaki, na yeye akashangaa ni karanga gani hizo zisizohitaji karanga.

Kwenye mojawapo ya kurasa kulikuwa na jina, kidato na mkondo. Jina silitaji hapa, wala la shule. Kwa msaada wa mtu anayewafahamu watu wa Nsemulwa nilimpata kijana nyumbani kwao, kwa bibi yake. Kidato cha pili, mwembamba, anajibu huku anatazama vidole vya miguu yake.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hizi ni zako?"

Akazishika, akazipanga kwa namba bila kusema neno, akagundua zisizokuwepo. Aliponiambia yaliyotokea sauti ilikuwa ndogo mno. Mwalimu wa fizikia alilikuta lile kaunta buku, kwaya mbili, limebakiza kurasa chache kujaa. Nikamuuliza kama alikuwa anachora wakati wa kipindi. "Hapana. Aliyekuwa analisoma ni mwenzangu wa nyuma." Kwa hiyo daftari lilichukuliwa kwa sababu lilisomwa! Mwenye daftari akala viboko, msomaji naye akala viboko, na daftari likaenda ofisini. Kutoka ofisini likaenda kwa mlinzi, kutoka kwa mlinzi likaenda kwenye mizani.

Kesho yake nilimwendea mwalimu. Ni mtu mwenye adabu na anafundisha kwa bidii, nalisema hilo kwa moyo wangu wote. Akaniambia: "Mzee, kijana yule ana kichwa cha sayansi. Namwokoa. Katuni zitamfikisha wapi?"

Mwalimu, nilikujibu kwa kifupi pale ofisini kwa sababu kengele ililia. Jibu refu ni hili.

Alikuwepo kijana wa Dar es Salaam, amezaliwa 1969, jina lake Godfrey Mwampembwa. Akaingia Chuo cha Ardhi kusomea usanifu wa majengo, kozi ambayo mzazi yeyote wa Mpanda angechinja mbuzi mwanawe akiipata. Mwaka 1992 akaiacha, akaenda Nairobi kuchora katika magazeti ya Nation. Leo Afrika Mashariki yote inamjua kwa herufi nne, Gado. Alichora enzi za Moi nchini Kenya, wakati ambapo kuchora pua ya Rais lilikuwa jambo la kufikiriwa mara mbili. Mwaka 1996 akatoa Abunuwasi, kitabu cha katuni kwa Kiswahili kilichochapishwa Nairobi na Sasa Sema, na watoto waliokua na hadithi zile kwa masikio wakaziona kwa macho. Mwaka 2007 akapata tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi. Mwaka 2009 vikaragosi vya XYZ Show, alivyovibuni yeye, vikaanza kuwaiga wakubwa kwenye televisheni ya Kenya, na wakubwa wakavitazama.

Hakusalimika na kalamu yake. Januari 2015 Serikali yetu ikalizuia gazeti la The EastAfrican lisiingie nchini, sababu iliyotolewa ikiwa ni usajili. Mwezi huo huo gazeti hilo lilikuwa limetoa mchoro wake wa Rais Kikwete. Mwaka uliofuata yeye na Nation wakaachana baada ya miaka zaidi ya 20. Mei 2016, mjini Geneva, Kofi Annan akamkabidhi tuzo ya Cartooning for Peace, yeye pamoja na mchoraji Zunar wa Malaysia. Mtoto wa Dar es Salaam! Lakini tazama meza yake ya kazi ilikuwa wapi miaka yote hiyo. Nairobi. Tulimpoteza kwa sababu hapa kwetu mchoraji ni mtu wa kuitwa harusini kuandika kitambaa cha ukumbini, na nani akae mahali anapoitwa kwa kazi hiyo tu?

Mwalimu atasema Gado aliacha masomo, ndicho anachokiogopa. Haya, twende kwa Masoud Kipanya. Yule panya wake tunamsoma magazetini miaka na miaka, mzee wa baraza la kahawa pale Majengo humtazama yeye kabla ya kichwa cha habari. Machi 2022 mchoraji huyo huyo alionyesha Dar es Salaam gari linalotumia umeme, lililoundwa nchini na yeye na mafundi wake. Betri, mota, nyaya. Hiyo ni fizikia, Mwalimu. Imetoka katika kichwa kilichojaa katuni.

Na kama mifano ya nyumbani haitoshi, kwa maana najua wapo ambao jambo likitoka kwetu hulitilia shaka mpaka lipate muhuri wa ng'ambo, basi nawapeleka Japani. Osamu Tezuka, aliyezaliwa 1928, ndiye Wajapani wanayemwita mungu wa manga, yaani hizo katuni zao zilizoenea dunia nzima. Alisomea udaktari, akafaulu mtihani wa taifa wa udaktari mwaka 1952, mwaka ule ule alioanza kumchora Atomu, mtoto wa chuma mwenye moyo wa binadamu. Elimu ya udaktari haikupotea: baadaye ikazaa Black Jack, hadithi ya daktari wa upasuaji asiye na leseni. Aliacha kurasa zinazokadiriwa kufika 150,000, na inasimuliwa kwamba hospitalini, saratani ikimmaliza mwaka 1989, alikuwa bado anaomba apewe penseli. Lakini ninachotaka walimu wa Katavi wakisikie ni cha utotoni. Akiwa shule ya msingi alichora hadithi katika daftari, wenzake wakapeana kwa siri, mwalimu akaikamata. Kama hapa hapa kwetu. Kisha walimu wakaketi ofisini, wakaisoma. Na baada ya kuisoma wakamwacha mtoto achore.

Waliisoma! Hatua hiyo moja ndiyo iliyokosekana hapa Mpanda. Ningemwelewa mwalimu aliyesoma daftari zima, akaona halina kitu, akalirudisha na onyo. Huyu hakulifungua. Nilimuuliza hadithi inamhusu nani, akanijibu, "Si hayo makatuni yao ya mazombi." Mazombi! Daktari Adrian Atiman wa Karema ameitwa zombi katika mkoa alioutumikia mpaka kufa.

Hapa lazima nipumue kidogo, maana kuna vijana wanaonisoma hawajui namzungumzia nani. Adrian Atiman alizaliwa upande wa Timbuktu, akaibwa utotoni na kuuzwa utumwani. Mapadre Weupe wakamkomboa, wakampeleka Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye ngome ambayo Wabelgiji walikuwa wameijenga mwaka 1879 na kuwaachia mapadre 1885. Hapo akatibu watu. Mjerumani akaja akamkuta, akaondoka akamwacha. Mwingereza akaja akamkuta. Alifariki 1956 akiwa Karema bado, miaka 67 tangu afike, na kaburi lake liko huko. Mtumwa aliyekombolewa akawa tabibu wa nchi ya watu wengine. Hollywood wangelipata hilo wangejenga ghala la kuwekea fedha zake. Sisi tumelipata, limechorwa na mtoto wa Nsemulwa aliyesimuliwa na bibi yake mzaliwa wa Karema, na tumelipeleka kwenye mizani.

Watu wa rika langu wanaosema katuni huharibu watoto wananishangaza kuliko wote. Tumesahau Sani? Saidi Bawji na Nico ye Mbajo waliunganisha majina yao wakalipa gazeti jina, nasi huku mwisho wa reli tukalisubiri. Nakala ikifika Mpanda ilikuwa inasomwa na nyumba sita, ikirudi kwa mwenyewe haina jalada. Kipepe, Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge: hao walitufundisha Kiswahili cha mjini, wakatufundisha tapeli anavyotembea na mbea anavyoinamisha shingo. Marehemu Philip Ndunguru, mmoja wa waliolipa gazeti lile sura yake, alifariki 1986 akiwa kijana kabisa, na mpaka leo wachoraji wa nchi hii wanachora wakiwa kwenye kivuli chake. Kabla yake baba zetu walikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Wapo waliojifunza kusoma wakiwa watu wazima kwa sababu walichoka kutafsiriwa Chakubanga anasema nini.

Kwa hiyo sikubali kwamba huu ni ugonjwa wa vijana wa simu. Kijana wangu huyu simu hana. Ana rula, bairo mbili na penseli ya rangi nyekundu iliyobaki urefu wa kidole gumba, ambayo, aliniambia, anaitumia kwa damu na kwa machweo ya ziwa tu ili isiishe. Nilimuuliza amejuaje kuchora viboko wakiwa matopeni, maana ukurasa mmoja una viboko wa mto Katuma wakati wa kiangazi, wamelaliana migongo, na hakuna mgongo uliofanana na mwingine. Hajawahi kuingia Hifadhi ya Katavi. Alipita Sitalike ndani ya basi akienda msibani, basi likasimama kidogo darajani, akatazama. Jicho la namna hiyo halifundishwi na mtu. Kazi ya shule ni kulitambua.

Wizara imetuletea Sera ya Elimu toleo la 2023, na ndani yake elimu ya amali imepewa mkondo wake. Viongozi wamesimama majukwaani hapa mkoani wakisema kila mtoto atoke shuleni na ujuzi mikononi. Nimepiga makofi, na makofi yale nilimaanisha. Sasa ujuzi umejitokeza wenyewe, bila karakana, bila bajeti, bila mwongozo kutoka Dodoma, umekaa chini ya dawati, na jibu letu limekuwa fimbo. Afisa elimu anayesoma safu hii asinipigie simu kuniuliza ni shule gani. Kabati la vitu vilivyonyang'anywa liko katika kila shule ya mkoa huu. Alifungue lililo karibu naye, aketi, asome.

Kwa mwalimu wa fizikia nina ombi moja, na nimemweleza uso kwa uso kabla ya kuliandika hapa. Kijana ameniahidi kuchora upya kurasa zilizopotea. Bibi yake bado yu hai na kumbukumbu anayo, ila umri umemwendea na hatutakuwa naye milele. Kaunta buku jipya nimelinunua mimi. Mwalimu ampe Ijumaa mchana, baada ya vipindi, meza moja na chumba chenye mwanga, na aketi naye dakika chache amwonyeshe jinsi mwanga unavyopinda ukiingia majini, kwa sababu katika ukurasa wa kwanza kasia la ule mtumbwi limenyooka moja kwa moja hadi chini ya maji, na hilo ndilo kosa pekee nililoliona.