Abiria ana haki ya kujua anacholishwa angani

IKIWA umewahi kusafiri safari ndefu kwa ndege, bila shaka unaifahamu harufu ile. Vigari vya chakula vinasukumwa katika njia nyembamba iliyo kati ya viti, na mhudumu anakuinamia na kukuuliza swali lile lile analomwuliza kila mtu: "Kuku au nyama ya ng'ombe?" Ukishajibu, unawekewa sinia dogo lenye chombo kilichofunikwa kwa karatasi ya fedha, kimkate, siagi, saladi ya vijiko viwili na kipande cha keki chenye krimu juu yake. Unakula chote kwa sababu umekilipia ndani ya tikiti, na kwa sababu huko angani huna jingine la kufanya.

Malalamiko ya wengi wetu ni kwamba chakula hicho hakina ladha. Leo, mpenzi msomaji, mimi nina lalamiko jingine. Nasema kwamba swali la mhudumu halitoshi. Anayekula ana haki ya kuambiwa kuna chumvi kiasi gani ndani ya kuku huyo, na sukari kiasi gani ndani ya keki hiyo. Kwa baadhi yetu habari hiyo ni suala la uhai.

Miaka kadhaa iliyopita nilipanda ndege ya usiku kutoka Nairobi kuelekea Ulaya. Kando yangu aliketi mzee mmoja aliyekuwa akienda kumtembelea bintiye. Harufu ya chakula ilipotufikia, alitoa dawa yake ya insulini akajidunga tumboni, kama alivyozoea kufanya nyumbani kila mkewe anapopakua. Lakini angani si nyumbani. Vigari vilikuwa vimebakisha safu chache kutufikia ndege ilipoanza kuyumba. Rubani akaamuru wahudumu waketi na kufunga mikanda. Robo saa ikapita, kisha nusu saa. Mzee akaanza kutokwa na jasho, mikono ikawa inatetemeka, na nilipomwuliza, "Mzee, u hali gani?" alinijibu maneno yasiyoeleweka.

Nilibonyeza kengele. Mhudumu, binti wa kwetu hapa, alikuja akijishikilia vitini, na alipoelezwa akakimbilia sharubati ya machungwa. Baada ya dakika kadhaa mzee alirudiwa na akili zake. Baadaye sana, masinia yalipofika, aliitazama ile keki akauliza: "Binti yangu, hii ina sukari kiasi gani?" Yule binti alitabasamu kwa aibu. "Mzee, hata mimi sijui. Huletwa zikiwa zimefungwa vivyo hivyo."

Nadhani umeona ajabu ya kisa hiki. Sukari ndiyo iliyomwokoa mzee, na sukari hiyo hiyo ndiyo aliyokuwa akiiogopa. Sukari na chumvi si sumu. Hatari ni kutojua kiasi chake, na kutojua kitakachofika ni nini na kitafika lini.

Kwanza tujiulize, kwa nini chakula cha ndegeni huonekana chapwa? Wengi hudhani ni ule urefu wa kwenda juu. Urefu una sehemu yake, lakini hausemi yote. Hewa ndani ya ndege hushindiliwa ili ifanane na ile ya mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari. Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,800, na Limuru imepita mita 2,200. Mkazi wa Limuru haongezi chumvi maradufu katika irio zake.

Zaidi ya urefu kuna ukavu wa hewa. Unyevu ndani ya ndege mara nyingi huwa chini ya asilimia 20, pua na koo hukauka, na pua ikikauka ladha hupotea, kama unavyojua ukiwa na mafua. Jambo jingine ni kelele. Ngurumo ya injini hufikia kiasi cha desibeli 85. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha mwaka 2015 kwamba kelele za kiwango hicho hufifisha utamu wa sukari, lakini huikoleza ile ladha ya mchuzi wa nyama, nyanya na uyoga. Mnamo 2010, taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani ilifanya majaribio kwa niaba ya shirika la Lufthansa katika mazingira yaliyofanana na ya ndegeni. Ilibainika kwamba ulimi huihisi chumvi pungufu kwa asilimia 20 hadi 30, na sukari pungufu kwa asilimia 15 hadi 20. Uchachu na ukali wa viungo havikupungua sana.

Isitoshe, chakula hicho hakipikwi ndegeni. Hupikwa nchi kavu saa nyingi kabla, hupozwa haraka hadi chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, husafirishwa kikiwa baridi, kisha hupashwa moto angani kwa hewa kavu ya oveni. Nyama ya kupashwa moto hivyo hukauka, ndiyo maana hukosi kuikuta imeogeshwa mchuzi mzito.

Sasa wewe ukiwa mpishi, na umeambiwa kwamba ulimi wa mlaji umelala, utafanya nini? Njia iliyo rahisi ni kuongeza chumvi kwenye mchuzi na sukari kwenye keki. Mlaji hatagundua, kwa kuwa ulimi ambao ungemwonya ndio huo uliopumbazwa. Moyo, figo na mishipa ya damu havipumbazwi na kelele za injini. Chumvi iliyoingia ni ile ile, iwe imesikika ulimini au haikusikika.

Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai. Hiyo ni ya siku nzima, pamoja na iliyo ndani ya mkate, siagi, jibini na njugu za kutafuna. Kuhusu sukari ya kuongezwa, shirika hilo hutaka isizidi asilimia 10 ya nguvu zote tunazopata chakulani, kiasi cha gramu 50. Soda moja ya mililita 300 peke yake huchukua zaidi ya nusu ya hizo, kabla hujaigusa keki.

Mashirika ya ndege yatasema kwamba yanajali afya zetu, na kwa upande mmoja ni kweli. Mwezi wa Februari mwaka 1975, karibu watu 200 waliugua ndani ya ndege ya Japan Airlines iliyokuwa ikitoka Tokyo kwenda Paris, na zaidi ya 140 wakalazwa hospitalini Copenhagen. Mpishi mmoja huko Anchorage, Alaska, alikuwa na vidonda vya vidole, na chakula alichokishika kilikaa saa nyingi bila baridi ya kutosha. Mnamo Februari 1992, abiria 75 wa ndege ya Aerolineas Argentinas iliyopitia Lima kwenda Los Angeles walipatwa na kipindupindu, na mmoja akafariki. Kilicholaumiwa ni saladi baridi ya vyakula vya baharini iliyopakiwa Lima.

Misiba ya namna hiyo ilizidisha uangalifu. Leo joto la vyakula hupimwa na kuandikwa, na ni desturi ya mashirika mengi kwamba rubani na msaidizi wake wasile mlo mmoja, ili ukiwa mbovu asalie mmoja wa kuishusha ndege.

Basi tazama tofauti. Anayetapika ndani ya ndege huonekana, na magazeti huandika. Anayepooza upande mmoja nyumbani kwake miaka kumi baadaye kwa sababu ya shinikizo la damu haonekani, na hakuna awezaye kuunyooshea kidole mlo mmoja. Ndiyo maana mashirika hujihadhari sana na vijidudu lakini yako kimya kuhusu chumvi.

Najua kuna atakayeniambia: "Mwandishi, mtu husafiri mara moja kwa mwaka. Kipande kimoja cha keki kitamfanya nini?" Kwa kijana mwenye afya njema, pengine hakitamfanya lolote, na sitaki kumharibia raha ya safari yake. Lakini ndege si ya vijana wenye afya peke yao. Wamo wazee wanaokwenda kuwatembelea watoto ng'ambo, wamo wagonjwa wanaokwenda kutibiwa India, na wamo wafanyabiashara ambao kila mwezi hupaa kwenda Dubai au Guangzhou. Safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, iliyoanzishwa Oktoba 2018, huchukua kama saa 15. Muda huo ni zaidi ya nusu siku ya kula kile unachopewa, bila duka wala kibanda cha kukimbilia.

Ninachodai si kikubwa. Pakiti ya biskuti ya dukani huandikwa vilivyomo. Iweje mlo wa tikiti ya maelfu ya shilingi usiandikwe? Kikaratasi kidogo juu ya kifuniko, kinachotaja chumvi, sukari na wanga, kingetosha. Yule binti angekisoma, na mzee angepata jibu.

Dai langu la pili ni kuhusu kitindamlo. Chini ya miguu ya abiria anayetoka Nairobi, katika sehemu ya mizigo ya ndege hiyo hiyo, mara nyingi kuna mishiri na mboga nyingine zetu zinazokwenda kuliwa Ulaya wiki hiyo hiyo. Juu tunakula keki ya unga mweupe. Najua tunda lililokatwa huharibika upesi kuliko keki na huhitaji uangalizi. Lakini mbona abiria wa daraja la mbele huletewa sahani ya matunda? Ikiwa papai laweza kufika salama safu ya pili, laweza kufika safu ya 30. Keki ibaki kwa anayeitaka, ila mwingine aulizwe: "Keki au nanasi?"

Kwa wapishi nina neno pia. Maadamu uchachu na viungo havilali angani, jibu liko katika majiko yetu ya Pwani. Ukwaju, ndimu, tangawizi, pilipili manga, iliki na nyanya iliyopikwa ikaiva vyema vinaweza kuuamsha ulimi bila kumwaga chumvi.

Wakati tukingoja hayo, msomaji, jisaidie mwenyewe. Mashirika mengi hutoa milo maalumu ya wenye kisukari, ya chumvi kidogo au isiyo na nyama bila kukutoza zaidi, mradi uagize mapema, angalau saa 24 kabla ya safari. Agiza unaponunua tikiti, kisha ulizia tena unapojiandikisha uwanjani.

Ukiwa unatumia insulini ya kujidunga wakati wa mlo, usijidunge hadi uone sinia mbele yako. Ibebe mkononi pamoja na barua ya daktari, wala usiiweke katika mzigo unaopelekwa chini, maana huko inaweza kuganda na kuharibika. Usikose kitu cha sukari mfukoni. Safari ya kuvuka majira hurefusha au kufupisha siku, kwa hivyo mwone daktari wako kabla ya kuondoka akupangie saa za dawa.

Sisi wengine tunywe maji mara kwa mara, tupunguze pombe, na tusile maharagwe, kabichi na soda kwa wingi kabla ya kupaa, kwa sababu gesi tumboni hupanuka ndege inapopanda. Ukihisi mchuzi hauna chumvi, usikimbilie kile kipakiti cha chumvi kilicho kando ya sinia. Pengine chumvi imo tele, ila ni ulimi wako uliolala.

Yule mzee aliifunika keki yake akaisukuma kando. Mimi niliila yangu, na sijui hadi leo nilikula nini. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, lakini mtu atatahadhari vipi na kitu asichoambiwa?