Tumbawe la Jua Lisilokula Jua

Juma lililopita niliahidi kwamba leo tutaendelea na habari za dumuzi na maghala ya mahindi. Nawaomba radhi. Dumuzi watangoja juma moja, ingawa najua hawana desturi ya kungoja, maana limenifikia jambo la nyumbani kwangu ambalo limenifundisha mengi, nami sipendi lipoe kabla sijawaeleza.

Binti wa dada yangu yuko Maskati, mji mkuu wa Oman, mwaka wa pili sasa. Anafanya kazi za nyumbani kwa watu wasemao Kiswahili kama sisi. Wala si ajabu. Waarabu wa Oman waliishi Tabora na Ujiji tangu siku za misafara, na baada ya mapinduzi ya Unguja ya mwaka 1964 jamaa wengi wa Unguja, na baadhi ya wale wa bara, walihamia Oman. Bibi wa nyumba hiyo alizaliwa Tabora. Kila asubuhi humwamkia binti yetu kwa neno la kwetu, “Mwangaluka”, naye binti huitika akicheka. Mshahara wake ndio unaolipia hosteli na sare za wadogo zake wawili hapa Urambo, kwa hiyo kazi ile si jambo dogo kwetu.

Basi jioni moja simu ililia nikiwa nafunga vitabu vya ofisi ya parokia. “Shikamoo mjomba. Ua la kijana wa nyumba hii linakufa, nami wataona nimeliua.”

Nikauliza, ua gani? Ikawa hivi. Kijana wa nyumba ana sanduku kubwa la kioo lililojaa maji ya chumvi, na ndani yake samaki wa rangi na bonge moja kama jiwe, lenye maua ya rangi ya chungwa. Kijana alipokwenda kusoma ng’ambo alimwachia binti maagizo manne tu: washa taa, wape samaki chakula chao, pangusa kioo, ongeza maji yakipungua. Akatimiza yote. Lakini muda wa miezi miwili haujaisha maua yakafumba, yasifumbuke tena. Ngozi ile ya rangi ya chungwa ikaanza kujikunja, na mawe meupe yakaonekana katikati. Naye alikwisha kusikia bei ya kitu kile: yapita mshahara wake wa miezi mitatu. Hakuna aliyemwambia kwamba atalipa. Lakini mtu aliye mbali na kwao hangoji kuambiwa.

“Mjomba,” akasema, “linaitwa tumbawe la jua. Nikaona labda limekosa jua, nikaliongezea taa. Nawasha tangu alfajiri hata saa nne ya usiku, nalo linazidi kunyauka.”

Niseme kweli, mimi matumbawe hai sijapata kuyaona. Chuoni tulichorewa ubaoni, tukaandika, tukafanya mtihani. Lakini rafiki yangu niliyesoma naye ualimu anafundisha kisiwani Mafia, na huzamia baharini siku za mapumziko. Nilimpigia usiku ule ule. Yafuatayo ni ya kwake zaidi kuliko yangu.

Wazee wetu waliobeba pembe kutoka huku hata Bagamoyo, safari ya miezi miwili au mitatu, walizikuta huko nyumba za mawe, na Unguja hali kadhalika. Mawe yale ni matumbawe, na chokaa iliyoyashika ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Basi tumbawe tunalijua kama jiwe. Lakini jiwe hilo ni mifupa tu. Aliyelijenga ni mnyama mdogo laini, umbo lake kama kifuko chenye mdomo mmoja juu, na kuuzunguka mdomo kuna minyiri kama ya pweza, ila myembamba sana. Wataalamu humwita polipu. Ni jamaa ya yavuyavu, yule mnyama wa baharini awashaye kama upupu. Polipu hana meno wala macho, lakini minyiri yake ina vijishale vya sumu visivyoonekana kwa macho, navyo humchoma kijidudu apitaye na kumkamata. Polipu wengi hukaa pamoja juu ya bonge moja, na kila mmoja hujijengea kikombe chake cha chokaa. Kwa hiyo yale aliyoyaita maua yalikuwa vinywa.

Hapa ndipo penye fumbo lenyewe. Matumbawe mengi ya maji ya juujuu, yale yajengayo miamba mikubwa, yana wapangaji: mwani mdogo sana wa chembe moja, uishio ndani ya nyama ya polipu. Mwani huo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula kama mmea ufanyavyo, na sehemu kubwa humpa mwenye nyumba, pengine hata tisa katika kumi ya nguvu anazozihitaji. Tumbawe la namna hiyo ni mkulima. Ukilipa mwanga mzuri na maji mazuri, laweza kuishi ndani ya kioo bila wewe kulilisha sana. Lakini karibu nusu ya aina zote za matumbawe ya mawe duniani hazina mwani huo. Nyingi huishi kwenye vilindi ambako jua halifiki, na nyingine chini ya majabali na mapangoni. Hizo si wakulima, ni wawindaji. Zisipokamata kitu, hazili.

Tumbawe la jua ni la jamaa hiyo. Wataalamu huliita Tubastraea. Laishi katika Bahari ya Hindi na Pasifiki, hata pwani yetu, na rafiki yangu ameliona likining’inia chini ya majabali yenye kivuli. Jina lake latokana na sura: likifumbua minyiri yake ya manjano lafanana na jua dogo lenye miali. Nadhani aliyelipa jina hilo hakufikiria kwamba siku moja msichana wa Urambo ataliamini.

Mwaka 1998, maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yalipoteza mwani wake, yakawa meupe, na mengi yakafa. Mafia iliumia sana. Mwindaji hawezi kufa kifo hicho, maana hana mwani wa kupoteza. Yeye kifo chake ni njaa.

Sasa, kwa nini njaa imshike ndani ya sanduku lililotunzwa vizuri? Kwa sababu ya kutunzwa vizuri. Baharini mkondo hupita usiku na mchana ukichukua vijidudu vinavyoelea, na mwindaji hungoja mlangoni tu. Ndani ya kioo mna pampu na chujio, kazi yao kuondoa kila chembe ili maji yang’ae. Maji yale mazuri ya kutazamwa, kwake ni sahani tupu. Tena akikaa na njaa hufumba ili asipoteze nguvu, na akifumba watu hudhani amelala. Huko Brazili, katika jimbo la Rio de Janeiro, tumbawe hili lilionekana tangu miaka ya 1980, yasemekana limekuja na mitambo ya mafuta, na sasa limeenea juu ya miamba hata kuwasumbua viumbe wenyeji. Kiumbe kile kile kinachoshinda bahari nzima kinakufa sebuleni juu ya zulia.

Binti alipoelezwa kwamba ni mnyama, alinyamaza, kisha akaungama jambo. Juma moja kabla ya kunipigia alikuwa amelihurumia akalisagia dagaa wakavu wa Kigoma aliofungiwa na mama yake. Maji yakawa kama maji ya kuoshea mchele, na samaki wakapanda juu wakihema. Alishinda usiku kucha akibadili maji kwa ndoo. Wazo la kulilisha lilikuwa sawa. Kosa lilikuwa kumwaga chakula sandukuni badala ya kukitia vinywani, kwa maana kila punje isiyoliwa huoza, na maji yakichafuka kinachofuata ni kifo cha wote.

Akaanza upya. Duka la samaki la Maskati huuza uduvi wadogo waliogandishwa. Huyeyusha kidogo ndani ya kikombe cha maji ya sanduku lile lile. Jioni, taa zikiisha kuzimwa, hudondosha matone machache ya mchuzi wa uduvi karibu na bonge, kisha huondoka akaoshe vyombo. Harufu ya chakula ndiyo iitayo minyiri itoke. Baada ya nusu saa hivi hurudi, husimamisha pampu, hulifunika bonge kwa nusu ya chupa ya plastiki iliyokatwa ili samaki wasipore (nao ni waporaji hasa), na kwa bomba la sindano lisilo na sindano huweka uduvi mmoja mmoja juu ya kila kinywa. Husubiri hata wameze. Mwisho hunyonya masalio kwa bomba hilo hilo na kuwasha pampu. Alihesabu vinywa 43. Siku ya kwanza kazi ilimchukua karibu saa nzima, wala hakuna hata kimoja kilichofumbuka.

Nilimwambia asikate tamaa, awe akija saa ile ile kila jioni, maana rafiki yangu alisema wanyama hawa huzoea saa. Lenye afya latosha kulishwa mara mbili au tatu kwa juma. Lililokonda lapewa kidogo kidogo kila siku. Na taa? Tukazipunguza. Mwanga wa muda mrefu haukuwa unalilisha tumbawe, ulikuwa unalisha majani ya kijani yaliyoota juu ya mifupa iliyo wazi, nayo huzuia nyama isirudi mahali pake.

Maji nayo yana masharti. Chumvi yake iwe kiasi cha gramu 35 kwa lita, joto lake nyuzi 25 hivi, na kila juma sehemu moja ya kumi au zaidi ibadilishwe. Dada yangu aliposikia habari za chumvi aliuliza kama tumpelekee ya Uvinza. La. Chumvi ya jikoni, hata iwe nzuri namna gani, haina madini yote ya bahari, na tumbawe lahitaji kalisi humo majini ili lijenge kikombe chake. Iko chumvi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Joto la nje ya nyumba Maskati wakati wa kiangazi hupita nyuzi 40, kwa hiyo umeme ukikatika binti huwa hana raha.

Siku ya tisa alinipigia saa tano ya usiku, nami nimelala. “Mjomba, vitano vimefumbuka! Kimoja kimeushika uduvi kikauvuta ndani, nimeona kwa macho yangu!” Nilikaa kitandani nikicheka kama mtoto, na mke wangu akauliza nani amejifungua.

Wasomaji wangu wa Urambo na Kaliua hawatafuga matumbawe. Lakini watoto wetu hufanya kazi katika nyumba za namna hiyo, Dar es Salaam na ng’ambo, nao hukabidhiwa vitu vya thamani kwa maagizo manne. Mimi naona kosa la kwanza si la binti, na pengine si la kijana pia. Ni la muuzaji yeyote amwuziaye mtu kiumbe kinacholishwa kwa mkono asimwambie. Tena matumbawe yote ya mawe yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES uliotiwa sahihi mwaka 1973, kwa hiyo kuyavusha mipaka yakiwa hai au yakiwa mifupa kwataka kibali. Ukienda pwani usilivunje na kulitia mfukoni kama ukumbusho. Mengine hukua kiasi cha sentimeta moja tu kwa mwaka. Wenzetu wa pwani wametenga sehemu za kuyalinda, Chumbe huko Unguja mwaka 1994 na hifadhi ya bahari ya Mafia mwaka 1995.

Kati ya vinywa 43, vilivyopona ni 32. Kumi na moja vimebaki vikombe vyeupe. Kijana wa nyumba alipotumiwa picha aliandika kutoka huko aliko kwamba hakujua, naye anashukuru. Habari ya kulipa haikutajwa. Juma lililopita binti aliona juu ya kioo vitone vidogo vya manjano, kama vichwa vya pini. Akataka kuvipangusa, kisha akanipigia kwanza. Rafiki yangu wa Mafia asema ni watoto wa tumbawe, wameogelea wakashika kioo. Kila kimoja kina kinywa.

Likizo ya binti ni mwezi wa Desemba. Amekwisha kuanza kumfundisha Bibi kushika bomba. Mikono ya Bibi yatetemeka kidogo, lakini ati hakosi kinywa, na jioni akichelewa kuitwa huuliza mwenyewe, “Leo wamekula wangapi?”

Dumuzi, juma lijalo.