Karatasi za Marekani zazunguka Lubero na Butembo, lakini wanaozisoma vizuri ni wachache

Katika simu za wakaaji wa Lubero, Butembo na Beni, karatasi za serikali ya Marekani zinapita kwa wingi. Zinafika kwa WhatsApp: ukurasa mmoja wenye alama ya tai, mwingine uliopigwa picha juu ya meza, mwingine uliokatwa pembeni mpaka tarehe haionekani. Chini yake mtu ameandika kwa herufi kubwa kwamba Washington imeamua. Imeamua nini, lini na juu ya nani, hapo ndipo kila mtu anaeleza yake.

Kwa mtu wa Alimbongo hili si jambo la kupitisha wakati. Kituo hicho cha milimani, kwenye barabara ya kitaifa namba 2 kati ya Kirumba na Lubero, kiliingia mikononi mwa M23 Desemba 2024. Familia zilikimbilia upande wa Lubero na Butembo. Anayejiuliza kama arudi kulima viazi vyake, au alipe tena kodi ya chumba mjini, anaposikia kuna karatasi ya Washington inayosema vita imekwisha, anaweza kufunga mizigo kwa sababu ya karatasi hiyo. Na kama haikusema hivyo?

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba karatasi za Marekani hazina uzito mmoja. Tangazo la msemaji kwa waandishi wa habari linaeleza msimamo wa siku ile, halimfungi mtu. Amri ya rais ina nguvu ya sheria na inapewa namba. Uamuzi wa Wizara ya Fedha wa kumwekea mtu vikwazo unamwingiza katika orodha ya ofisi inayoitwa OFAC, na baadaye unachapishwa katika gazeti rasmi la serikali yao, kama vile sisi tulivyo na Journal officiel ya Kinshasa. Karatasi ya mashtaka inaonyesha kile ambacho mwendesha mashtaka anadai, si kile ambacho hakimu ameamua. Wengi wanapokea mashtaka na kuyasambaza kama hukumu. Mwanasheria yeyote wa Butembo angeona kosa hilo mara moja kama karatasi ingekuwa ya parquet ya hapa, lakini Kiingereza na ule muhuri vinatisha watu.

Chukua mfano wa Corneille Nangaa. Alipotangaza muungano wa AFC na M23, wengi waliamini kwamba Marekani ilimwekea vikwazo kwa sababu ya uasi. Ukipanga karatasi kwa tarehe unakuta hadithi nyingine. Jina lake liliingia katika orodha ya OFAC Machi 2019, wakati alikuwa mkuu wa tume ya uchaguzi, CENI, na sababu zilizoandikwa zilihusu ufisadi na kuharibu uchaguzi. Muungano wa AFC wenyewe uliwekewa vikwazo tarehe 25 Julai 2024, pamoja na Bertrand Bisimwa, mkuu wa M23 upande wa siasa. Hizo ni karatasi mbili zenye sababu mbili, na miaka mitano iko katikati.

Watu wa Beni na Butembo wana haki ya kuisoma ile ya kwanza kwa makini kuliko wengine. Ni CENI hiyo iliyotangaza Desemba 2018, siku chache kabla ya kura ya tarehe 30, kwamba miji hii miwili haitapiga kura pamoja na nchi nzima, kwa sababu ya Ebola na usalama. Kura ilisogezwa mpaka Machi 2019, na rais alikuwa ameshaapishwa Januari. Mtu aliyepoteza kura yake siku zile, akiona leo karatasi ya 2019 inapita bila tarehe na kuelezwa kuwa ni ya M23, ananyang'anywa mara ya pili kitu kilichomhusu.

Kwa ADF makosa ni ya aina nyingine, maana pale kinachovuruga ni jina. Wakaaji wa Beni, Oicha na Eringeti wanasema ADF, wazee bado wanasema NALU. Lakini tarehe 10 Machi 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilipoliingiza kundi hili katika orodha ya mashirika ya kigeni ya kigaidi, ililiandika kwa jina la ISIS-DRC, na ADF ikawekwa kati ya majina mengine. Anayetafuta katika kichwa cha karatasi neno ADF atafikiri hakuna kitu. Zaidi ya hayo, hiyo haikuwa karatasi ya kwanza. ADF iliwekewa vikwazo vya Wizara ya Fedha tangu 2014, kwa sheria inayohusu vita vya Kongo. Tarehe 10 Desemba 2019 mkuu wao Musa Baluku aliwekewa vikwazo pamoja na watu wengine watano, safari hii kwa sheria inayohusu uvunjaji wa haki za binadamu. Kwa hiyo kundi moja lina karatasi tatu zinazosimama juu ya sheria tatu.

Tofauti hiyo si ya wanasheria peke yao. Vikwazo vya kawaida vinafunga mali na kuwakataza Wamarekani kufanya biashara na mtu aliyetajwa. Kuingia katika orodha ya mashirika ya kigaidi kunaongeza kosa la jinai kwa anayesaidia kundi kwa kujua, kwa fedha, vifaa au kazi. Mfanyabiashara wa kakao au mbao anayetumia benki yenye uhusiano na New York anaweza kuulizwa maswali ambayo mwaka 2018 hayakuwepo. Anayejua ni karatasi gani iliyobadilisha mambo anaweza kujibu. Asiyejua anasikia tu kwamba Wamarekani wamefunga Beni, jambo ambalo hakuna karatasi hata moja inayolisema.

Kuna pia karatasi inayorudi kila mwaka. Tarehe 27 Oktoba 2006 Rais George W. Bush alitia sahihi amri namba 13413 inayofungia mali za watu wanaochochea vita nchini Kongo. Barack Obama aliipanua Julai 2014. Kwa sheria ya Marekani, hali ya dharura ambayo amri hiyo inategemea inakufa yenyewe kama rais hakuirefusha, kwa hiyo kila Oktoba Ikulu inatoa taarifa ya kuirefusha mwaka mmoja. Na kila Oktoba taarifa hiyo inaweza kupokelewa huku kama habari mpya, eti Marekani imetangaza hali ya dharura juu ya Kongo. Ni karatasi ya kweli na muhuri ni wa kweli, lakini upya wake ni wa uongo.

Kosa la jina lilifika mbali zaidi tarehe 4 Juni 2025, Rais Donald Trump alipotangaza kuzuia raia wa nchi 12 kuingia Marekani. Katika orodha kulikuwa na Jamhuri ya Kongo. Hiyo ni Kongo-Brazzaville. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haikuwemo. Neno moja tu ndilo lililotenganisha nchi mbili. Anayemtuma mtoto kusoma, au anayengoja kuungana na familia kule, angeweza kuuza kiwanja au kukata tamaa kwa kusoma mstari mmoja kwa haraka. Karatasi iliyowagusa kweli Wakongo wengi ilikuwa nyingine, ya tarehe 20 Januari 2025, iliyosimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Mwaka wa fedha 2024 Wakongo walikuwa wa kwanza kwa hesabu kati ya wakimbizi wote waliopokelewa Marekani. Amri hiyo haikuwa na jina la Kongo kwenye kichwa, ndiyo maana haikuzunguka sana kama ile ya Juni.

Wakati mwingine jina halipo kwa makusudi. Mwaka 2016 kampuni ya uwekezaji ya Och-Ziff ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 400 kwa kesi za rushwa barani Afrika, na kampuni yake ndogo ikakiri kosa mbele ya mahakama ya shirikisho huko Brooklyn. Sehemu kubwa ilihusu madini ya Kongo. Lakini katika karatasi za mahakama wakubwa wa Kongo hawatajwi. Wanaitwa afisa wa kwanza, afisa wa pili, mshirika wa Kongo. Ni desturi ya waendesha mashtaka wa kule kutotaja mtu ambaye hajashtakiwa. Msomaji anaweza kulinganisha tarehe, cheo na kiasi cha fedha na kukisia, ila anapoandika jina pembeni kwa kalamu, halafu akaskani na kutuma tena, ameshatengeneza karatasi nyingine ambayo Brooklyn haiijui. Hapo ndipo mtu anaweza kushtakiwa kwa kuchafua jina la mwenziwe, na kwa haki.

Habari za zamani ni ngumu zaidi, na labda ndizo zinazofundisha zaidi. Tume ya seneti ya Marekani iliyoongozwa na Frank Church ilitoa mnamo Novemba 1975 ripoti juu ya mipango ya kuua viongozi wa kigeni. Ndani yake mna Patrice Lumumba: telegramu za CIA za Agosti 1960, sumu iliyoletwa Léopoldville Septemba mwaka huo, na maofisa waliopewa majina ya uongo. Mkuu wa CIA Léopoldville, Larry Devlin, anaitwa Victor Hedgman. Anayetafuta jina la Devlin katika ripoti hiyo hatalikuta. Vilevile anayetafuta Kinshasa au Kisangani katika telegramu za 1960 atakosa, kwa sababu majina hayo yalikuja rasmi 1966. Lazima atafute Léopoldville na Stanleyville. Ripoti inathibitisha kwamba mpango wa kumuua ulikuwepo, na papo hapo inasema haikupata ushahidi kwamba Wamarekani walishiriki katika mauaji yenyewe ya Januari 1961 kule Katanga. Kwenye mitandao kila upande unachukua nusu yake.

Na hata serikali yao ilichelewa kujipanga. Kitabu cha nyaraka za Kongo kilichotolewa na Wizara ya Mambo ya Nje miaka ya 1990 kilinyamazia kazi za siri za CIA. Kilichojaza pengo, kinachohusu 1960 mpaka 1968, kilitoka mwaka 2013. Machi 2025 zikaachiliwa kurasa nyingi za faili za Rais Kennedy, na humo pia Kongo ya wakati ule inajitokeza. Nyingi ni picha za kurasa za mashine ya kuandikia, wino umefifia, programu ya kusoma maandishi inakosea herufi. Kompyuta ikikosa neno, si dalili kwamba neno halipo.

Vijana wa sekretariati za mjini, wale wanaopiga fotokopi na kuskani vyeti vya wanafunzi, wangeweza kufanya kazi kubwa hapa kwa gharama ndogo. Faili inayoitwa IMG pamoja na namba haisaidii mtu. Faili inayoanza na mwaka, mwezi na siku, ikafuata ofisi iliyotoa, halafu namba ya amri au ya kesi, inajipanga yenyewe kwenye kompyuta, na ile ya 2006 haitajificha nyuma ya ile ya 2025. Picha ya picha isihifadhiwe ikiwa faili yenyewe ipo kwenye tovuti ya wizara au ya gazeti rasmi la Marekani, na karibu kila mara ipo. Tafsiri ikae pembeni ya asili, isichukue nafasi yake. Mashirika ya raia yanayotetea waliokimbia yanahitaji mkusanyo wa namna hiyo kuliko semina nyingine moja hotelini.

Yangeanza na karatasi inayowagusa watu wa Alimbongo moja kwa moja. Mkataba wa amani kati ya Kongo na Rwanda ulitiwa sahihi Washington tarehe 27 Juni 2025 na mawaziri wa mambo ya nje, Thérèse Kayikwamba Wagner na Olivier Nduhungirehe, mbele ya Marco Rubio. Tarehe 4 Desemba 2025 Félix Tshisekedi na Paul Kagame walitia zao. Waliotia sahihi ni nchi mbili. M23 inatajwa kwa sababu ya mazungumzo ya Doha, ambayo yana karatasi zake na kalenda yake, lakini si mwenye sahihi. Mtu anayesema mkataba wa Washington umeiamuru M23 kuondoka siku fulani anachanganya meza mbili.

Na kuna tarehe nyingine ndani yake ambayo wengi wanairuka. Upande wa usalama mkataba unasimama juu ya mpango wa kuwamaliza nguvu FDLR na kuondoa kile ambacho Rwanda inakiita hatua zake za kujilinda. Mpango huo ni wa tarehe 31 Oktoba 2024. Siku hiyo Alimbongo ilikuwa bado haijaingia mikononi mwa M23.