Mchomo Si Mfuro: Maoni Juu ya Istilahi za Ulinzi wa Swichi za Umeme

Makala haya yanajadili jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka ni la mafundi umeme peke yao, lakini ambalo kwa hakika linawahusu pia wanaistilahi. Jambo lenyewe ni kufyatuka kwa swichi za kielektroniki bila kuamriwa, kutokana na volteji inayopanda ghafla. Katika Kiswahili cha karakana tatizo hili huingizwa ndani ya neno "shoti", au husemwa tu kwamba "umeme umekuja mkubwa". Kwa maoni yetu, kauli hizo mbili humpotosha fundi, kwa sababu kinachofyatua swichi ya namna hii mara nyingi si ukubwa wa volteji bali ni kasi ya kupanda kwake.

Swichi tunazozizungumzia ni thairista, iliyobuniwa na kampuni ya General Electric ya Marekani mwaka 1957, pamoja na triaki iliyofuata baadaye. Triaki haina sehemu inayosogea. Ina lango linalopewa mkondo mdogo, nayo ikishafyatuliwa huendelea kupitisha umeme hata lango likiachwa, hadi mkondo mkuu ushuke karibu na sifuri. Katika umeme wa mkondo geu wa hezi 50, nafasi hiyo hupatikana kila baada ya sehemu 10 za elfu za sekunde. Triaki hutumika kupunguza mwanga wa taa, kubadili kasi ya feni na kuendesha hita na pampu.

Ndani ya triaki tabaka zake zina tabia ya kapasita ndogo. Volteji ikipanda ghafla baina ya ncha zake, kapasita hiyo hupitisha mkondo mdogo unaofanana na ule wa lango, na swichi hufyatuka. Tuangalie hesabu. Umeme wa kawaida wa volti 230 una kilele cha volti 325 hivi, na hata pale unapopanda kwa kasi kuliko pote hauzidi volti 0.1 kwa mikrosekunde. Volteji inayoruka volti 200 katika mikrosekunde moja ina kasi mara 2,000 ya hiyo, ilhali haijafikia hata kilele cha kila siku. Fundi anayetafuta "umeme mkubwa" kwa mita yake hatauona, kwa kuwa kwa kipimo hicho haukuwepo.

Msomaji anayetoka kisiwa cha Bumbire, wilayani Muleba, hatahitaji maelezo marefu juu ya tofauti hii. Kati ya mwishoni mwa mwaka 2019 na Mei 2020 maji ya Ziwa Viktoria yalipanda kwa zaidi ya mita moja. Yaliharibu mengi pwani, lakini mtumbwi uliokuwa ukielea ulipanda pamoja nayo bila kupinduka. Wimbi dogo kuliko hapo, likiupiga ubavuni kwa ghafla, huumwaga mtumbwi na vilivyomo. Hakuna mvuvi anayeyaita mambo hayo mawili kwa jina moja, kwani kila moja lina hadhari yake.

Visiwani suala hili lina uzito wa pekee. Mahali ambapo umeme hutoka kwenye jenereta au mtambo mdogo wa jua, kama ule uliozinduliwa mwaka 2016 katika kijiji cha Bwisya, kisiwani Ukara, mashine ya kusaga ikizimwa au friza ikiwaka, majirani huweza kuyahisi mabadiliko hayo kwenye waya zao kuliko katika gridi kubwa. Isitoshe, Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu za Afrika zenye radi nyingi, hasa nyakati za usiku. Tena si lazima mchokozi atoke nje. Katika mota, mkondo huchelewa nyuma ya volteji. Mkondo ukifika sifuri, volteji tayari iko juu, nayo huiangukia triaki kwa mara moja na kuifyatua upya. Hapo mota huendelea kuzunguka ingawa amri ya kuizima imekwisha kutolewa.

Tiba zinazotolewa kwa mazoea hazilengi chanzo. Stabilaiza ya kawaida hurekebisha volteji iliyopanda au kushuka kwa muda. Haiwahi tukio la mikrosekunde. Fyuzi nayo hungoja mkondo mkubwa uipashe moto. Varista hukata kilele kilichozidi, na inafaa kuwekwa, lakini haipunguzi kasi ya volteji iliyo chini ya kiwango chake. Dawa ya kasi ni rezista na kapasita zilizofuatana, zikafungwa sambamba na triaki. Thamani zinazotumika sana kuanzia ni omu 100 na mikrofaradi 0.1. Kapasita huichelewesha volteji, na rezista huzuia chaji ya kapasita isiichome triaki pindi inapowaka. Kapasita iwe ya daraja la X2, iliyokusudiwa kufungwa kwenye umeme wa majumbani. Aidha, waya za lango ziwe fupi, na lango lipewe rezista yake ya kulituliza.

Sasa tuwageukie wanaistilahi. *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* ya TUKI ya mwaka 1990 ilijenga msingi wa lugha ya darasani. Lugha ya karakana inadai hatua nyingine. Wapo watakaosema kwamba maneno ya Kiingereza yaliyotoholewa yanatosha. Sisi tunakubali utohozi kwa majina ya vifaa: triaki, kapasita na varista zibaki zilivyo. Lakini majina ya matendo ya umeme yafaa yatokane na maneno ambayo maana yake tayari ni onyo. Tunapendekeza "mfuro" kwa volteji iliyopanda na kudumu, "mchomo" kwa ile inayoruka na kutoweka, na "ukali wa mpando" kwa kasi yake. Swichi kuwaka bila amri iitwe "mfyatuko wa uongo", kama mtego uliofyatuliwa na upepo badala ya mnyama. Rezista na kapasita zinazoikinga ziitwe "kitulizo".

Manufaa ya istilahi hizi hayaishii katika kamusi. Fundi aliyefundishwa "mchomo" hatauza stabilaiza kwa mteja anayehitaji kitulizo cha bei ndogo. Vilevile ataelewa kwamba kitulizo chenyewe hupitisha miliampia 7 hivi hata swichi ikiwa imezimwa, na kwamba triaki yoyote yaweza kufyatuka wakati wowote. Kwa hiyo hatamruhusu mtu kuingiza mkono kwenye pampu au kinu kabla ya kukata umeme kwa swichi kuu. Neno "shoti" halimfundishi mtu hadhari hiyo, na ni wajibu wa idara zetu za Kiswahili kushirikiana na walimu wa ufundi ili neno linaloifundisha liingie vitabuni.