Maumivu Yasiyo na Kidonda

Wapo kina mama wanaokuja zahanati mara ya nne, mara ya tano, na shida ile ile: kuungua na kuchomwachomwa kwenye mdomo wa uke. Kukaa katika basi la Pangani ni taabu, kukutana na mume ni machozi. Vipimo havionyeshi kitu, nasi tunampa tena dawa ya fangasi. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo miaka mingi, na wengine niliwaambia hawaumwi. Nilikosea.

Ni kweli kwamba kwanza tutafute ugonjwa: fangasi, magonjwa ya zinaa, na hapa pwani yetu kichocho cha mkojo, ambacho mayai yake huweza kukwama ukeni na kwenye shingo ya kizazi. Hicho kina dawa yake. Lakini maumivu yakipita miezi 3 bila sababu kuonekana, wataalamu huyaita vulvodinia. Ni ugonjwa kweli. Si uzushi, wala si ushahidi wa uzinzi.

Mara nyingi misuli inayoshikilia kibofu, uke na njia ya haja kubwa hujikaza kwa kuogopa maumivu, na kule kujikaza huzidisha maumivu. Hapo anahitajika mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Humfundisha mama kupumua kwa tumbo, kuitambua misuli hiyo na kuilegeza; baadaye, mama akiridhia, huinyoosha polepole kwa kidole chenye glovu. Kazi hii ni ya wiki nyingi. Tena angalieni: mazoezi ya kubana tunayowafundisha waliojifungua yaweza kumzidishia huyu maumivu, asipojua kwanza kulegeza.

Na shabu, jamani! Shabu, kujifukiza udi, sabuni za manukato, vyote viachwe. Maji matupu yatosha. Najua makungwi watanikasirikia.

Linalonisikitisha ni kwamba idara za mazoezi ya viungo tunazipelekea waliovunjika miguu na waliopooza tu. Shule ya KCMC, Moshi, imetoa wataalamu hao miaka mingi, tuwatumie. Nanyi kina baba, kumlazimisha mke mwenye maumivu ni kuifanya misuli yake ijikaze zaidi.

Mama uliyekwisha kunywa dawa zote, mwambie muuguzi waziwazi, kisha uombe barua ya kwenda kwa mtaalamu wa mazoezi. Ukitaka akuhudumie mwanamke, sema, si aibu.